Kamani, Springi na Kimo cha Gari: Historia ya Kazi Moja na Maneno Yake

Karatasi iliyosababisha makala haya ilikuwa ya kurasa nne, imepigwa chapa kwa Kiswahili, na ilikuja ndani ya kisanduku chenye springi nne fupi za gari dogo. Aliyeniletea alikuwa kijana wa mtaani kwetu, mkono wake wa kushoto umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa amefanya kazi hiyo barazani kwao, siku ya Jumapili, akifuata maelezo hatua kwa hatua. Katika ukurasa wa pili maelezo yalimwambia hivi: akaze chemchemi kabla ya kufungua nati ya juu. Mchoro ulimfahamisha kwamba hiyo chemchemi si ya maji, bali ni springi. Akatafuta cha kukaza, akaona bolti mbili zilizo chini ya springi, akazikaza kwa nguvu zake zote, kisha akafungua nati ya juu. Springi ikafyatuka, ikarusha kifuniko chake hadi kwenye dari na kumvunja vidole viwili.

“Shikamoo, mzee,” aliniambia. “Karatasi ilisema kaza, nami nilikaza.”

Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mfasiri, ambaye simjui wala sitaki kumjua, alitakiwa kusema “bana” akasema “kaza”. Tena alitakiwa kusema “springi” au “kamani” akasema “chemchemi”, kwa kuwa Waingereza hutumia neno moja tu kwa maji yanayobubujika ardhini, kwa majira ya maua kuchanua, na kwa chuma kinachorudi baada ya kupindwa. Kosa la chemchemi ni la kuchekesha, na msomaji mwenye akili hulisahihisha mwenyewe papo hapo. Kosa la kukaza halichekeshi, kwa sababu sentensi imenyooka, sarufi yake haina ila, na hakuna kitu ndani yake kinachomwamsha msomaji.

Ili tufahamu kosa hilo limetoka wapi, yafaa turudi nyuma kidogo katika historia ya chombo chenyewe na ya majina tuliyokipa.

Wazee wetu waliijua nguvu ya kitu kilichopindwa zamani sana kabla ya gari la kwanza kushushwa katika bandari ya Mombasa au ya Dar es Salaam. Upinde ni springi. Mtego wa ndege, ambao hutengenezwa kwa kijiti kibichi kilichoinamishwa na kuzuiwa kwa kamba, ni springi vilevile. Bunduki na saa zilipoingia pwani, neno mtambo likatumika kwa viungo vyao vya ndani vinavyofyatuka na kuzunguka, na ndiyo maana hata leo twasema mtu “ameufyatua mtambo”. Lakini mtambo uliendelea kukua. Ukawa mashine nzima, ukawa kiwanda, na siku hizi umekuwa hata mitambo ya kurushia matangazo angani. Neno lililobeba mzigo mkubwa namna hiyo halikuweza tena kubaki jina la kipande kimoja cha chuma.

Hapo ndipo lilipoingia neno kamani. Asili yake ni Uhindi, na Wahindi nao walilipata kwa Waajemi, ambao kwao kaman ni upinde. Kwa hiyo neno hili limesafiri njia ndefu likiwa na maana ileile ya kitu kinachopindwa na kutaka kurudi. Kamusi zetu zimelihifadhi zaidi kwa ajili ya saa: ule utepe mwembamba wa chuma unaojizungusha ndani yake na kuiendesha. Mafundi wa saa walilitumia bila ya shida, na mwenye saa aliyeambiwa kwamba kamani imekatika alijua kwamba hana budi kufungua mkoba. Huko Uhindi, hata hivyo, neno hilo halikuishia kwenye saa. Mafundi wa malori wa huko hadi leo huita kamani yale mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine chini ya lori, na kusema kweli mabapa hayo yana umbo la upinde kabisa.

Mafundi wengi wa kwanza wa gereji za Afrika Mashariki walikuwa Wahindi, na neno gari lenyewe twaambiwa tulilipokea kutoka katika lugha yao. Ingetazamiwa basi kwamba kamani nayo ingeteremka pamoja na gari mpaka chini ya chesisi. Haikuwa hivyo. Gereji ilichagua springi. Nadhani sababu ni vitabu na vipuri, kwani kila kisanduku kilichofika kutoka Uingereza kilikuwa na jina la Kiingereza ubavuni, na kijana wa kuagizwa dukani alitakiwa kulitamka jina lile ili asirudi na kitu kingine. Ndivyo tulivyopata jeki, spana, bampa, breki, bushi na nati. Kifaa cha kutuliza mtikisiko kilipata hata majina mawili, shokomzoba na shokapu, na la pili, ambalo halikupitishwa na kamati yoyote, ndilo linaloshinda vijiweni.

Wapo wanaolalamika kwamba katika suala hili tuliiacha kanuni iliyozoeleka tangu siku za Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, na iliyofuatwa pia na Baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, yaani kwamba neno litafutwe kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha jamaa za Kibantu, ndipo twende kwa wageni. Mimi si mmoja wa walalamikaji hao. Springi imekwisha kuwa Kiswahili. Ina ngeli yake, ina wingi wake, na mtoto wa darasa la tatu hutaja springi ya kitanda bila ya kujua kwamba ametaja neno la kigeni. Kamani ibaki kwenye saa, ambako inafaa na ambako bado ina wenyewe.

Sasa tuitazame springi ya gari. Mwingereza Robert Hooke alikuwa amechapisha mwaka 1678 kanuni ya kwamba springi hurefuka au kufupika kwa kiasi kile kile cha nguvu inayotumika juu yake; ukizidisha nguvu mara mbili, mabadiliko ya urefu nayo huzidi mara mbili. Mwanzoni mwa karne ya 19 magari ya farasi ya Ulaya yalianza kuwekewa springi za mabapa zenye umbo la yai, na abiria wakapumzishwa mgongo. Gari la Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, lilikuwa na springi moja ya mabapa iliyokingama mbele na nyingine nyuma. Ilikuwa njia rahisi na yenye kuvumilia, na kwa barabara za siku zile hapakuwa na haja ya zaidi.

Badiliko linalotuhusu lililetwa na mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson. Yeye aliunganisha shokapu na springi kuwa nguzo moja iliyosimama: shokapu katikati, na springi ya koili imeizunguka kwa nje. Kampuni ya Ford iliitumia nguzo hiyo katika magari ya Consul na Zephyr yaliyoonyeshwa London mwaka 1950, na tangu hapo imeenea katika magari madogo ya dunia nzima. Ni rahisi kutengeneza na haichukui nafasi. Ila ina sifa moja ambayo kijana wetu aliijua kwa maumivu: springi yake hukaa imebanwa wakati wote, hata gari likiwa juu ya jeki na gurudumu likining’inia, na kinachoizuia isifyatuke ni nati moja tu iliyo juu.

Mtu aweza kuuliza kwa nini basi mwenye gari zima ataka kulishusha. Jibu halipatikani katika uhandisi peke yake. Katika mji wa Los Angeles, baada ya Vita Vikuu vya Pili, vijana Wamarekani wenye asili ya Meksiko walianza kuyalaza magari yao karibu na ardhi. Vijana wengine wa Kimarekani walikuwa wakipandisha magari kwa nyuma na kushindana kwa mwendo. Hawa wakachagua kinyume chake, gari la chini, lililong’arishwa, liendalo polepole katika barabara kama Whittier Boulevard ili watu walione. Hawakuwa na springi maalumu. Waliweka mifuko ya mchanga katika buti, au walikata mizunguko ya springi, au walipachika vipande vya chuma kati ya ekseli na springi za mabapa. Wengine walizichoma springi kwa moto wa gesi mpaka zikalegea, njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa moto huharibu ugumu wa chuma na springi huendelea kuinama baada ya siku ile.

Serikali ya jimbo la California haikupendezwa. Kifungu cha sheria kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 1958 kilikataza sehemu yoyote ya gari, mbali na magurudumu, iwe chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka uliofuata kijana mmoja, Ron Aguirre, alipachika katika gari lake la Corvette pampu na vali za mafuta zilizotokana na masalio ya ndege, na kwa hizo aliweza kuliinua gari mbele ya askari na kulilaza tena akisha kuondoka. Kwa miaka mingi ugomvi huo uliendelea baina ya vijana na polisi, mwisho wake sheria mpya ikakifuta kifungu kile na kuziondolea serikali za miji uwezo wa kuzuia misafara ya magari hayo, kuanzia tarehe 1 Januari 2024. Jambo lililokuwa kosa kwa miaka 66 likawa sehemu ya urithi wa jimbo.

Njia ya Wajerumani ilikuwa nyingine. Wao walitaka gari lishike barabara, kwa maana uzito ukikaa chini gari halilali sana katika kona. Kampuni ya Eibach, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni miongoni mwa zile zilizozifanya springi fupi kuwa bidhaa ya dukani, zilizopigiwa hesabu na kupimwa badala ya kukatwa kwa msumeno. Na huko mwenye gari halazimiki kujificha: hulipeleka gari lake kwa mkaguzi, na badiliko likikubaliwa huandikwa katika hati zake. Wajapani nao wana mtindo wao wa magari yaliyolala, na sheria yao imeweka kikomo cha sentimita 9 kutoka ardhini.

Nimetaja mataifa haya kwa ajili ya majina yao. Mjerumani huita springi Feder, neno ambalo pia ni unyoya na kalamu. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba ni Mwingereza peke yake mwenye neno la kumtega mfasiri. Mjapani huliita gari la namna hii shakotan, nalo limejengwa kwa maneno ya kimo cha gari na ufupi. Hili la Mjapani ndilo lililonivutia, na nitalirudia.

Afrika Mashariki ilikuwa ikienda upande mwingine kabisa. Mashindano ya Safari yalipoanzishwa mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, sifa ya gari ilikuwa kupita topeni na juu ya mawe bila ya kupasua tumbo. Peugeot 404 iliyoshinda mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland haikupendwa kwa sababu ya kulala chini. Dereva wa abiria alimwomba fundi amwongezee bapa, asimpunguzie. Lugha ya gereji zetu ilikua katika kuinua, kuongeza na kuimarisha; haikupata nafasi ya kuunda maneno ya kupunguza kimo. Magari yaliyotumika Japani yalipoanza kufika kwa wingi, baadhi yao tayari yamefupishwa na wenyewe wa kwanza, ndipo vijana wa mijini walipoupenda mtindo huo, matuta ya barabarani yakiwa palepale.

Wanasema wanashusha gari. Neno ni zuri, lakini katika karatasi ya maelezo halitoshi. Kushusha gari ni kulitoa melini. Kushusha gari ni kulirudisha chini kutoka juu ya jeki. Na sasa kushusha gari ni kulipunguzia kimo. Katika karatasi ile ya kurasa nne kitenzi hicho kimetumika mara saba kwa maana hizo mbili za mwisho, na mahali pamoja hata mimi, niliyesoma nikiwa nimeketi mezani na kikombe cha chai, sikuweza kujua ni ipi. Napendekeza kwamba tuseme kupunguza kimo cha gari, na vyuma vyenyewe tuviite springi za kupunguza kimo, kwa mfano ule wa Kijapani. Kushusha kubaki kwa jeki na kwa meli.

Tuifuate kazi yenyewe, maana istilahi isiyopimwa kazini ni pambo tu. Gari huegeshwa mahali palipo sawa, magurudumu yanayobaki ardhini huwekewa vigingi, kisha huinuliwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi za chuma. Hakuna mtu mwenye busara anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gurudumu hutolewa, mpira wa breki hufunguliwa kwenye kishikizo chake, na bolti za chini na nati za juu za nguzo hufunguliwa, isipokuwa ile nati ya katikati, ambayo huachwa. Nguzo nzima hutoka.

Ndipo huja kubana. Kibano cha springi huwa na jozi ya kulabu zinazovutwa na parafujo ndefu; vibano viwili huwekwa pande mbili zinazokabiliana, na huzungushwa kwa zamu, kidogo hapa na kidogo pale, ili springi isipinde upande. Springi inayofupika milimita 1 kwa uzito wa kilo 2.5, ikibanwa kwa milimita 100 husukuma kwa nguvu ya uzito wa kilo 250. Huo ni uzito wa watu wanne walio wima juu ya chuma kimoja. Fundi huendelea kubana mpaka springi icheze huru katika vitako vyake, na hapo tu ndipo nati ya katikati yaweza kulegezwa.

Vitenzi vinne vimo katika hatua hiyo moja, na kila kimoja kina kinyume chake. Kubana ni kufupisha kwa nguvu, na kinyume chake ni kuachia. Kukaza ni kuzungusha nati mpaka ishike, na kinyume chake ni kulegeza. Springi haikazwi, hubanwa. Nati haibanwi, hukazwa. Walimu wa shule za ufundi wameniambia kwamba wanafunzi wao hutofautisha jambo hili vizuri wakiwa na chuma mikononi na kulichanganya wakiwa na kalamu, labda kwa sababu katika mazungumzo ya kila siku twasema mkanda umebana na mkanda umekaza bila ya tofauti kubwa. Wapo pia wanaopenda kugandamiza. Silikatai katika kitabu cha fizikia, ila kugandamiza kwa kawaida ni kusukuma kutoka juu, na kibano hakisukumi kutoka juu, bali huvuta ncha mbili zikutane.

Springi mpya huwa fupi, tena lazima iwe ngumu zaidi, kwa kuwa nafasi ya kucheza imepungua na gari lisigonge mpira wa kizuizi kila lipitapo shimoni. Hapa ndipo wakataji wa springi wanapokosea wakidhani wamepunguza urefu tu. Springi ya mizunguko 8 ikikatwa ikabaki na mizunguko 6 huwa ngumu zaidi kwa theluthi moja, na ncha iliyokatwa haikai tena katika kitako chake. Neno ugumu lenyewe lataka uangalifu: chuma kigumu ni kile kisichochubuka, ilhali springi ngumu ni ile isiyofupika kwa urahisi. Wenye fizikia wamezoea kutofautisha. Sisi wengine bado, na sina neno la kupendekeza ambalo limeniridhisha.

Baada ya hapo kazi hurudi nyuma kwa mpango uleule. Ncha ya springi hukalishwa katika kitako, nati ya katikati hukazwa, kisha vibano huachiwa kwa zamu. Bolti za bushi hukazwa mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo mipira hukaa imejikunja siku zote na kupasuka mapema. Gari hupelekwa likanyooshwe magurudumu, maana kimo kikibadilika na mwelekeo wa magurudumu hubadilika, na matairi huliwa upande mmoja. Karatasi ya kijana wetu haikuitaja hatua hii ya mwisho hata kidogo.

Niliiandika upya kwa siku mbili, na nikamwomba fundi mmoja mwenye umri wa kunizidi anisomee kwa sauti huku kijana akionyesha kwa mkono wake mzima kila kitu kilichotajwa. Mahali pawili fundi alinikatiza. Pa kwanza niliandika “legeza kibano”, akasema hapana, kibano huachiwa. Nati ndiyo hulegezwa. Pa pili niliandika shokomzoba. Akacheka, akamtazama kijana, na wote wawili wakasema kwa pamoja: shokapu. Nikafuta, nikaandika shokapu.